Ng'walugwesa Ipi?

Ofisi ya ardhi, Mwanza, ghorofa ya pili.
Karani Nyamizi ameniuliza mara tatu
bila kuinua macho: Ng'walugwesa ipi?
Ipo A, ya Magu. Ipo B, ya Misungwi.
Na nyingine ng'ambo ya Busisi, isiyo na herufi;
wenyewe waliikataa.

Sikujua. Baba alisema "nyumbani" tu,
kama mtu aelekezaye njia kwa kidevu.

Basi nikazunguka.

Kule A, mwalimu Shigela alinichorea ukoo kwa chaki
mpaka kengele ya mapumziko ikalia:
Mtemi Lugwesa juu kabisa, karibu na dari,
na chini wana, wajukuu, vilembwe, hadi yeye mwalimu,
pembeni, palipobaki nafasi.
"Sisi ndio shina," akasema,
akafuta ubao kwa kiganja.

B nao wana shina lao.
Ngoma ya mtemi imelala ghalani, chama cha pamba,
panya wamekula ngozi, mti umebaki.
Kwandu, mtunza funguo, akanisogelea:
Ngoma haikwenda kwa wana, mwanangu.
Ilikwenda kwa mtoto wa dada, ndivyo ilivyokuwa.
Wana walitoka na jina peke yake,
kama mtu atokavyo kwenye moto na sufuria tupu,
wakalitua kila walipochoka kutembea.

Nikavuka maji.
Ng'ambo hawakunichorea kitu.
Walinionyesha kaburi, limepakwa chokaa,
choroko zimelizunguka.
Mwaka ule wa mvua kubwa, lori lilishusha jeneza
lililoandikwa kijiji tu, kwa kalamu ya wino.
Hawakumjua. Wakachimba. Wakalala matanga siku tatu,
wakachinja dume la Ngolo, ambaye hakuwa tajiri.
Wiki ya pili wenyewe wakafika kutoka A, wamefura:
Mmezika mtu wetu!
Ngolo akawapa maji ya kunywa kwanza.
"Alikuja na jina letu," akasema.
"Tungemrudisha mlangoni?"

Waliondoka bila kumfukua.
Niliuliza aliitwaje marehemu.
Wakatazamana. Yupo aliyedhani ni Yohana.

Leo nimerudi, ghorofa ya pili, feni ileile mbovu.
Nyamizi, andika ile ya ng'ambo.
Herufi?
Hawana.
Ameinua macho, mara ya kwanza.
Fomu, anasema, haikubali pengo.

Acha ikatae.