Sufuria Isiyo na Chumvi

Saa kumi na moja alfajiri, Tabata Kimanga.
Umeme umekatika tena. Nawasha jiko kwa vifuu vya nazi
na Sajini anasikia kiberiti kwa sikio lake moja;
la pili lililala tangu mwaka ule wa mafuriko.
Hanyanyuki. Anapiga mkia sakafuni mara mbili,
hodi ya mtu anayejua mwenyeji yumo.

Miaka kumi na minne.
Meno manne mbele, ndevu nyeupe
kama aliyefumaniwa kwenye gunia la unga.

Zamani alikula chochote: ukoko,
ugali wa juzi uliomwagiwa mchuzi wa maharage,
siku moja kandambili ya mkwe wangu, ya kulia.
Tulirusha, akadaka.
Tukaita huko kumfuga.

Daktari Zuhra alimpapasa mbavu
moja moja, kama anayevuta tasbihi.
"Mama Gaudensia, figo zimechoka.
Huyu si wa makombo tena."
Akaandika nyuma ya risiti ya dawa ya viroboto:
nyama isiyo na mafuta, nusu ya sahani;
boga, karoti, mchicha, vichemke, vipondwe;
wali kidogo, bokoboko;
ini mara moja kwa wiki, lisizidi wayo wake;
maganda ya yai yakaushwe, yasagwe yawe vumbi.
Kitunguu hapana. Chumvi hapana.
Hapana ya pili akaipigia mistari miwili.

Miaka thelathini niliwapikia watoto mia sita
makande na uji, shule ya msingi,
nikipima kwa jicho na mwiko mrefu kuliko mimi.
Leo nimenunua mzani.
Gramu mia na ishirini,
na mkono unatetemeka kuliko siku ya mkaguzi.

Buchani Shirima anauliza,
"Steki bila mafuta? Una mgeni?"
"Ninaye. Mzee. Hana meno."
Anaikatakata ndogo ndogo, anaongeza kipande juu.
"Mpe pole."
Sikusema uongo hata neno moja.

Makame, jirani, akipita karibu na mkia
hukusanya kanzu yake, na simlaumu.
Lakini kila Alhamisi nakuta boga juu ya ukuta,
limepasuliwa, mbegu zimetolewa.
Hatujawahi kulizungumzia.

Kasiani akapiga simu kutoka Tunduma:
"Mama, eti unampikia mbwa steki?
Na wewe jana ulikula nini?"
Nikasema mtandao unakatika.
Ilikuwa chai na ncha ya mkate.

Wiki hiyohiyo, Amana, kijana wa kupima presha
akanivua kile kitambaa cha mkononi:
"Bibi, chumvi punguza. Mafuta pia.
Mboga zichemke. Nyama kidogo, iliyokonda."
Nikacheka mpaka foleni nzima ikageuka.
"Cheti hicho ninacho, mwanangu.
Nimekibandika jikoni. Ni cha mbwa."

Basi sasa sufuria ni moja.
Napakua cha Sajini kwanza, kipoe,
nanyunyiza vumbi la maganda kama mchawi mwenye haya;
ndipo changu nakitia kitunguu,
limau, pilipili mbili za kunikumbusha nilikuwa nani.
Chumvi iko kabatini. Tunajuana.

"Figo hazirudi," aliniambia Zuhra mlangoni,
taratibu, kama anayeogopa kusikika na yule wa chini.
Najua. Mkaa nao haurudi kuwa mti;
lakini huivisha.

Anakula kwa kusimama, miguu ya nyuma ikicheza,
nami nimemwekea gunia asiteleze.
Anakula nyama. Anakula boga la Makame.
Analamba bakuli hadi linahama,
linazunguka uani likigonga ndoo,
naye nyuma yake, pole pole, askari wa zamani
akimsindikiza mhalifu kituoni.

Jua linafika kwenye ukuta.
Tunakaa kizingitini, kila mtu na chombo chake.
Amebakisha karoti.
Nami pia.