Beji ya Kendi

Siku ya kwanza walinipa beji ya plastiki
na pini iliyopinda.
Kwenye fomu nilikuwa nimeandika, kwa herufi kubwa: CANDIRU.
Bwana Kateeba wa uhusiano wa umma akalitazama
kama anayetazama nzi kwenye supu ya mgeni.
"Lina maana gani?"
Taabu, nikasema. Kwa Kilugbara, ni taabu.
Nilizaliwa mwaka ambao baba alizika ndugu wawili,
na kwetu Arua mtoto hubeba habari za nyumba.
Akacheka kwa adabu. "Watu huja huku kuikimbia taabu,
nasi tuwapokee nayo kifuani?"
Jioni beji ikawa tayari: KENDI.
Peremende. Kitu cha kuyeyuka mdomoni.

Chuoni somo hilo lilitumaliza muhula mzima.

Hoteli imekaa ukingoni mwa ziwa la volkeno,
nusu saa kutoka Fort Portal,
maji yake ya kijani kizito, kimya, kama jicho lisilopepesa.
Kazi yangu: kuwapiga picha watu wakifurahi.
Kuufuta mlingoti wa umeme.
Kuufuta moshi wa jikoni.
Kumwomba Kabatalya wa dobi asogee kidogo,
kidogo tena,
mpaka hayumo.

Ndiye aliyeniuliza, shuka zimemjaa mabegani:
"Mpaako yako?"
Sina. Mimi ni wa Arua.
"Basi nikuite nini? Plastiki?"
Akanipima kwa macho, kama anayepima kitambaa.
"Abwooli. Ni la paka.
Tena ni la mtu apunguzaye makali ya ukweli
ili watu wapate usingizi. Si ndiyo kazi yako?"
Tulicheka hadi kikapu cha taulo kikapinduka.

Jumanne tangi la maji moto likapasuka.
Jumatano Bi Akiteng wa chumba namba tisa,
muuguzi mstaafu kutoka Soroti,
akaandika nyuma ya menyu ya kiamshakinywa:
*Nimeweka akiba miezi minane. Maji ni baridi kama ya mochwari.
Mochwari naijua.*

Kateeba alikuwa na jibu kwenye kompyuta,
lilisubiri jina tu:
*Tunathamini maoni yako. Tunaendelea kuboresha huduma.*
Nikalisoma mara tatu.
Halikuwa na uongo.
Halikuwa na maji pia.

Nikaandika langu, kwa mkono:
*Tangi limepasuka. Fundi yuko Kasese, atafika kesho
akipata kipuri; asipopata, keshokutwa.
Saa moja jioni utaletewa maji ya moto.
Candiru.*

Saa moja tukapanda ngazi sabini na mbili,
Kabatalya mbele, mimi nyuma, ndoo kila mkono,
mvuke ukinipanda usoni.
"Abwooli, usikimbie. Maji haya yakikuunguza
hayatakuandikia barua ya radhi."
Bi Akiteng akafungua, akachovya kiwiko
kama anayepima maji ya kichanga.
Akasoma beji. Akasoma karatasi aliyoishika.
"Candiru yuko wapi?"
Ni mimi.
"Na Kendi?"
Naye ni mimi, mpaka Agosti.

Kwenye daftari la mafunzo, safu ya *ujuzi uliopatikana*,
wiki ya sita, niliandika: kubeba ndoo bila kumwaga.
Msimamizi akapiga mstari mwekundu.
*Fafanua.*

Sitajifanya shujaa. Beji sikuivua,
nilihitaji saini na muhuri.
Na ule mlingoti niliendelea kuufuta,
picha baada ya picha, hadi siku ya mwisho.

Waliniaga kwa barua ya sifa, nembo ya dhahabu juu:
mchangamfu, msikivu, tabasamu halimwishi,
Bi Kendi.
Chuo kikatafuta orodhani, hakikumpata mtu huyo.
Barua ipo Arua, kwenye sanduku la mama.
Jirani wakija huitoa, huipangusa kwa kanga.
"Someni," huwaambia.
"Huyu alikuwa rafiki ya Candiru.
Walifanya kazi pamoja."