Taa za Kukodi

Kabuyange, zamani tulijulikana kwa harufu.
Boti ikitoka Kibirizi, kabla haijazunguka rasi,
abiria waliziba pua wakasema: tumefika.
Nyumba ishirini na saba, msikiti wa mabati,
mlima umetusukuma mgongoni hadi majini,
na mchanga wote, wote, umefunikwa dagaa
wanaogeuzwa na fagio la mama yangu.

Kisha akaja mzungu mmoja na hema lake,
njiani kwenda kuwaona sokwe.
Injini ilikuwa imekufa. Akalala siku tatu.
Tulimpa ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma,
akaoga uchi nyuma ya mwamba, watoto wakamwona.
Siku ya kuondoka alilia. Hatukujua
kwamba chozi la mgeni ni kigingi cha mpima ardhi.

Mwaka wa pili walikuwa sita. Wa tatu sikuhesabu.
Likajengwa banda, banda likawa hoteli,
hoteli ikazaa hoteli;
shamba la Ntakije likaitwa mandhari,
naye akalipwa, akanunua pikipiki
katika kijiji kisicho na barabara.
Barabara ikaja kumfuata. Usicheke, ilikuja.
Ikaja na zahanati, na nesi anayelala hapahapa,
na mwanangu hakuzaliwa ndani ya boti
kama nilivyozaliwa mimi.
Hilo nalisema kwanza, kabla sijalalamika.

Meneja Kimambo ni mtu wa adabu.
Alituita, akatupa soda, akasema: harufu.
Alilisema mara moja tu, polepole,
kama daktari anayetaja ugonjwa.
Vichanja vikahamia nyuma ya kilima,
ambako saa tisa tayari ni kivuli, dagaa wakavunda.
Nami nikapata kazi ya kufua.
Pale alipoanika mama, sasa naanika mashuka,
nayageuza jua likisogea,
mkono wangu haujui tofauti.

Wageni wanapenda usiku.
Wanakaa barazani na glasi zao, wanatazama karabai
zilivyotapakaa ziwani, wanasema: kama mji.
Lakini mwezi ukijaa wavuvi hawatoki,
dagaa hadanganyiki na taa palipo na mwezi,
na ziwa linabaki jeupe, tupu.
Wageni wakauliza: mji umekwenda wapi?
Ndipo Kimambo akamkodi kaka yangu Nduwayo
na wenzake wanane. Watoke, wawashe,
wakae hadi saa tano, warudi.
Elfu kumi kila mtu. Nyavu waziache,
nyavu zinanuka.

Mama alicheka hadi akakohoa.
"Leo umevua mwanga kilo ngapi?"

Usiku mmoja wa Septemba mawingu yaliufunika mwezi.
Nduwayo anasema alisikia kwanza, kabla ya kuona:
kama manyunyu yanayonyesha kutoka chini kwenda juu.
Dagaa. Wamezijia taa za uongo
kwa imani ileile,
wakajaa hadi maji yakawa mazito,
na wanaume tisa waliokulia nyavuni
wameshika makopo ya kukumbia maji.
Kule barazani wageni walipiga makofi,
taa zilivyokuwa zikicheza.

Alivua shati. Akafunga mikono yake fundo, akachota.
Alinigongea saa sita, kifua wazi, anatetemeka,
shati limejaa fedha.
Hakusema kitu. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo.

Asubuhi nikatandika foronya nne
palepale mchangani, mbele ya chumba namba mbili,
nikawamwaga, nikawatandaza kwa vidole.
Jua lilipowashika, mgeni akafungua mlango,
akasimama, akanusa,
akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni
hii ni harufu ya nini.

Nikamtajia jina la kijiji.