Nyuma ya Jokofu

Kamsack, Februari. Mtambo wa uwanja umekufa, barafu imegeuka dimbwi,
timu yetu ya kusukuma mawe imevunjika,
Verla kahamia kwa bintiye, na mimi Myrna Dziuba
nimeachiwa Alhamisi nzima mikononi
kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Mwanangu aliacha madado saba kwenye bakuli la sukari
alipokwenda kuchimba potashi.
"Jiandikishe, mama. Watu wapo saa zote."

Nikajiandikisha.
Wakanipa nambari ndefu kuliko ya pensheni,
wakataka jina la shujaa wangu. Nikaandika Bruna:
mbilikimo, mbeba ngao, daraja la kwanza,
dhahabu kumi na tano, kamba, mkate mkavu.
Wakasema karatasi hii ni yako, meza yoyote itakupokea nayo,
na kila safari ikiisha mgeni atatia sahihi
kwamba ulikuwepo, na kwamba u hai.
Kanisani sijawahi kupewa cheti kama hicho.

Saa saba mchana. Kiti cha sita kilikuwa wazi.
Anselm wa Leipzig ndiye msimulizi, ana kikohozi.
Iratxe ametoka zamu ya hospitali Bilbao, sare bado mwilini.
Bogusz kampakata mtoto, anayatukana mazimwi kwa kunong'ona.
Kuna mwingine, haonyeshi uso, hula karanga tu.
Hemi yuko Invercargill, kwake tayari ni kesho.
Namwuliza kesho ikoje. Hajibu.
Nusu saa nawaona watu wa dharau
hadi Iratxe ananionyesha kwa kidole: kipaza sauti.
"Mvua," anasema Hemi, nilipouliza tena.

Kisha daraja. Kisha zimwi chini ya daraja. Kisha zamu yangu.
Madado yao huzunguka kwenye kioo, kila mtu akitazama;
yangu ni ya plastiki, mezani pangu, hakuna ayaonaye.
"Tunakuamini," alisema Anselm, akakohoa.

Nikarusha. Dado likagonga kikombe, likavuka kitambaa,
likadondoka, likajiingiza nyuma ya jokofu.

Nikapiga magoti na tochi, goti la kushoto likilalamika.
Pale, katikati ya vumbi
na kifuniko cha maziwa kilichopotea tangu Krismasi:
mbili.

Miaka thelathini na moja nilisoma mizani ya ghala la nafaka.
Wakulima walinikonyeza, waliniletea mayai,
mmoja alinililia mwaka wa ukame,
na sindano ilisema ilichosema.
Lakini hapa, jamani, nani angejua?
Kumi na mbili ingetosha.
"Myrna? Upo?"
"Mbili," nikasema, bado nimepiga magoti.

Bruna akaanguka. Anselm akaeleza maji, mawe, ngao ikielea,
na moyo wangu mzee ukaenda mbio
kwa ajili ya mwanamke wa karatasi.

"Ninayo dawa moja," akasema Hemi.
"Ile uliyoihangaikia safari nne?"
"Ndiyo hiyo hiyo."
Nikasikia kalamu yake ikikwaruza.
Baadaye ndipo nilipoelewa: kilichotumika hufutwa,
hakirudi. Ataketi meza nyingine, na wageni wengine,
mkoba mtupu, na huenda tusionane tena.

Deni hili nalilipia wapi?
Mwia wangu anaishi kesho, kwenye mvua.

Anselm akatia sahihi: u hai, dhahabu thelathini.
Dawa ni hamsini. Nilinunua, nikabaki na tano chini ya hesabu niliyotaka,
na Bruna hajala mkate laini mpaka leo.

Alhamisi hii meza si ile. Kiti cha sita kina kijana,
midomo inacheza, sauti hakuna.
"Washa kipaza sauti, mwanangu," namwambia.
Mfukoni mwa Bruna mna kichupa, sijakitaja.
Chini ya jokofu nimesokomeza taulo.