Futa Hilo

Vidole vya Bi. Piroska vimejikunja,
havizungushi kitasa, havibebi kijiko cha supu bila kumwaga,
vidole vilivyoandika hatimkato
miaka thelathini na mmoja katika mahakama ya Szeged,
penseli ikikimbia nyuma ya vinywa vya watu
lisidondoke hata neno.

Mimi nilitumwa na idara ya ustawi
na kompyuta, kipaza sauti, na karatasi ya amri:
Amka. Fungua barua. Mstari mpya. Nukta. Nafasi.
Futa hilo.
Aliisoma, akaisukuma kwa kiwiko.
"Lőrinc, mwanangu,
mimi sikulipwa kusema."

Kweli, ulimi wake ulikuwa mgeni nyumbani kwake.
Wiki mbili alinong'ona,
na mashine, isiyojua kunong'onezwa,
ikaandika punda alipotaka punde.
Jirani wa juu akigongelea msumari
yenyewe inauliza: Nizime?
"Sema kama jaji," nikamwambia.
Akanitazama kitambo.
Akaketi wima, akasafisha koo:
"Amka!"
Hata paka aliamka.

Basi zikaenda barua: kwa benki,
kwa dada yake wa Pécs, kwa kampuni ya gesi (mbili, za ukali).
Hadi Jumanne moja ya Novemba,
ukungu wa mto Tisza umeegemea dirisha,
akaniomba nizime redio.

"Kuna maneno niliyoamriwa kuyafuta.
Niliyapiga mstari, kwa rula, kama sheria itakavyo.
Ila mkono ukishaandika,
kichwa hakina kifutio."

Akaanza, macho kwenye kioo:
Februari, mwaka wa sitini na nane. Nukta.
Vendel, mtunza farasi, amehukumiwa miaka minne. Nukta.
Anauliza: mheshimiwa,
nani atamnywesha farasi wangu jioni hii? Mstari mpya.
Jaji Keresztes akasema: futa hilo.

Na swali likatoweka.
Kishale kinapepesa peke yake
pale aliposimama mtu na kiu ya mnyama wake.
Akarudia. Likafutwa.
Mara ya tatu kwa sauti ya chini, kwa hila,
likafutwa vilevile.
Jaji yuko kaburini mwaka wa ishirini huu
na bado anatiiwa
na chombo kilichotoka kiwandani juzi.

Nilidhani atalia. Alicheka,
akacheka mpaka miwani ikamteleza,
halafu hakucheka tena.

Nikamweleza: amri si msahafu, hubadilishwa.
Chagua neno jingine la kufutia,
ambalo hakuna jaji aliyelitamka amevaa joho.
Akawaza, akilitazama jiko.
"Kiazi," akasema.

Sasa akikosea ni kiazi,
na kosa linaondoka bila kinyongo.
Akikosea sana, kiazi, kiazi, kiazi,
utadhani yuko sokoni.
Na Vendel anauliza, na jaji anaamuru,
futa hilo, kwa herufi ndogo, na nukta yake,
na hakuna kinachofutika:
mbwa yuleyule, meno hana.

Amefika mwaka wa sabini na nne.
Yupo mtoto shahidi aliyeomba kwenda haja.
Yupo mama aliyemwita mwanawe kwa jina la utotoni
mbele ya wazee wa baraza.
Wote wamerudi, kila mmoja na amri mkiani.

Jana nilimkuta amerudi ukurasa wa kwanza.
"Vendel alimtaja farasi kwa jina," akaniambia.
"Nililisikia kwa mbali.
Nilikuwa nachonga penseli."
Hakuomba nimtafutie. Pa kutafuta hapapo.
Akaisogelea mashine,
si kwa sauti ya jaji, kwa sauti yake,
na mashine, siku hiyo, ikamsikia:
Nafasi.
Nafasi.
Nafasi.