Chupa Namba Kumi na Saba

Nilikuwa namba kumi na saba.
Jina langu, Sakalani, lilibaki getini kwa mlinzi,
kwenye daftari, pamoja na saa ya kuingia
na aina ya chombo: baiskeli, nyeusi, haina kengele.

Ndani ya maabara walikuwa na baiskeli nyingine,
imefungwa sakafuni kama mbuzi wa mahari.
Haina mzigo, haina mchanga, haina lori la Iringa
la kukusukuma pembeni kwa upepo wake.
Unapiga pedeli na kubaki palepale
ukitazamana na picha ya mtu asiye na ngozi.

Nakijwa akanivisha barakoa, akanichoma kidole.
"Pumua kama kawaida," akasema,
na hapohapo kawaida ikanitoka.

Siku saba, vidonge viwili asubuhi, viwili jioni:
unga wa matunda madogo meusi
ya nchi za baridi, ambako theluji ikiisha
watu huingia porini na ndoo.
Au si hivyo. Huenda yangu ilikuwa chupa ya sembe tupu.
Hata yeye hajui. Siri iko kwenye bahasha
ofisini kwa mtu aliyesafiri.

Kazi yote, alinieleza, iko kwenye ule weusi.
Unaingia damuni, unalegeza mishipa
kama unavyolegeza kamba ya mzigo, robo fundo tu;
mafuta ya mwili yanaanza kuwaka mapema,
sukari inabaki akiba ya kilima.
"Labda," akamalizia.
Nililipenda hilo labda. Wauza dawa wa stendi hawana.

Mimi mafuta ya mwili ya kuchezea sina.
Nabeba zabibu, Mpunguzi hadi soko la Majengo,
kreti tatu nyuma, ya nne ni tamaa.
Agosti upepo unakupiga usoni na vumbi lake,
zilizo chini zinapondeka, maji yake
yananichuruzika hadi kisigino,
na nyuki wananisindikiza mpaka Mkonze
kama watoto wanaofuata harusi.

Baada ya mapumziko, chupa nyingine, miguu ileile.
Kwenye kompyuta mistari miwili ikapanda
imeshikana kama ndugu wasioelewana,
mmoja juu ya mwenzake kwa upana wa unywele.
Muda wangu? Uleule.
Kwa sekunde mbili hutamshinda hata mwenye punda.

Lakini kuna jambo ambalo fomu haikulitengea nafasi.
Asubuhi moja, wiki ya chupa ya kwanza,
nilichuchumaa chooni bila kushika ukuta.
Mbeba mizigo mwenzangu ataelewa.
Mapaja yalikuwa kimya.
Nikakaa pale kupita haja yenyewe, nayasikiliza.

Taabu ni kwamba wiki hiyohiyo nililipwa posho,
nikamaliza deni la tairi kwa Mhembano,
nikalala usiku kucha bila kuhesabu chochote.
Sasa nani aliyanyamazisha, tunda au usingizi?
Nikamuuliza Nakijwa. Akacheka, akaacha kucheka,
akaandika kitu pembeni mwa karatasi, kwa penseli.

Mwenye bahasha hajarudi.

Jana, nikiwa sijafika Mkonze, mnyororo ulichomoka.
Nilipoinama kuurudisha nikaona chini ya kreti
zile ambazo Majengo hawazinunui.
Nikazila na maganda yake, na mbegu,
na kile kichungu kinachokausha fizi.
Mikono ilikuwa na grisi; sikujali.
Nikatema kidogo: mate meusi juu ya vumbi jekundu.

Kisha nikapanda.
Kilima hakikupungua hata hatua moja.
Moyo ulipiga unavyopiga, na hapakuwa na wa kuuandika.
Nyuki walikuwa wawili, baadaye wanne.