Nifanyie Mwili

Ratansi alikuja dukani kwetu Utaani, Wete,
na leso iliyofungwa fundo.
Ndani: lenzi, bawaba nne za shaba,
reli mbili zenye meno, parafujo kama punje za mtama.
"Vilivyobaki wamekula mchwa.
Karafuu zinachumwa mwezi ujao, watu watashika pesa,
watataka picha. Jicho ninalo, Mcha.
Nifanyie mwili."

Baba hakuwahi kutengeneza kamera.
Vitanda, makasha, na mara moja jeneza la msikiti wa Jadida.
Aliigeuza lenzi, akachungulia, akauliza swali moja:
"Hii hupenda kukaa mbali kiasi gani na kioo chake?"
Ratansi akapima hewani, shibiri moja, kisha moja na nusu.
"Basi ni kasha linalotembea," akasema baba.

Mvule aliukataa: mzito, na Ratansi ana pumu.
Akachukua msaji wa mlango uliovunjwa Limbani,
mbao iliyokwisha kunywa mvua zake,
isiyo na kiu tena.
Maana mbao haifi ikikatwa.
Hufura masika, hunywea kiangazi,
na kamera ikinywea upana wa unywele
umepiga picha ya ufa.

Kona alizifunga kwa mkia wa njiwa, bila msumari.
Maranda yalitoka membamba,
ungeweza kusomea gazeti ng'ambo yake.
Nikamwona anapiga msasa ndani,
ndani kabisa, pasipofika mkono wa mteja.
"Nani ataona?"
"Mwanga."
Kisha akapaka masizi ya kibatari kwa gundi:
weusi mkavu,
weusi usioitikia salamu.

Mvukuto ulitushinda siku tisa.
Ngozi ya mbuzi, imeparwa hadi ikawa laini kama sikio lake,
ikunjwe mara kumi na sita, itanuke, irudi,
isipasuke pembeni.
Tulijaribia karatasi za sukari, sakafu ikajaa.
Mama alikuwa kizingitini anasuka ukili.
Hakuinua kichwa:
"Mnailazimisha kona. Kona haivunjwi, huzungushwa.
Mkunjo huu uende juu, jirani yake uende chini. Lete."
Akakunja kwa kidole gumba na meno.
Jina lake Bikombo.
Halikuandikwa popote kwenye kamera ile.

Kioo nilisugua mimi.
Kipande cha dirisha, unga wa msasa, maji,
duara, duara, duara, mpaka vidole vikasinyaa.
Nilikipa mtoto wa jicho kwa makusudi.

Buibui kuukuu la mama likawa la kujifunika.
Niliingia wa kwanza.
Giza, harufu ya gundi, udi uliosahauliwa kwenye pindo,
na pale, juu ya kioo changu, baba,
amening'inia kama popo, kofia chini, ndara juu,
na duka zima limening'inia naye,
randa, misumeno, kopo la chai,
wala hakikudondoka kitu.
"Baba, simama vizuri!" nikapiga kelele.
Ratansi alicheka mpaka pumu ikamshika.

Bamba la kwanza lilitoka na mstari mweupe,
kovu toka bega la baba hadi kidevuni.
Usiku tukazima taa, tukatia tochi ndani ya mvukuto.
Nyota moja, mkunjo wa kumi na moja.
Tundu la sindano.
Tone la gundi, chembe ya masizi, ikazimika.

Lile bamba lenye kovu Ratansi alilikwangua
akalitumia tena. Kioo kilikuwa ghali.
Karafuu zile alipiga maharusi, makarani,
mtoto mmoja aliyekataa kutulia.
Baba hakurudi kusimama.

Ratansi alipohama aliniachia mwili
akaondoka na jicho, ndani ya leso ileile.

Nimelifungua tena masika haya.
Mchwa hawajaligusa.
Pale mbele pana tundu duara, upana wa kisahani,
na ukipitisha mkono humo
unakuta mbao laini, laini,
mahali ambapo hapana aonaye.